Boti ya Saa Moja: Kutoka Kariakoo Kwenda Visiwani

Kariakoo ina Mtaa wa Pemba, na ina Mtaa wa Mafia. Mchukuzi mwenye robota la vitenge kichwani huikata yote miwili kwa dakika chache, akipaza sauti watu wampishe. Kuvifikia visiwa vyenyewe kunataka maandalizi zaidi ya hayo. Hata hivyo kila siku ya Mungu wapo wanaotoka sokoni hapo kuelekea baharini: mama wa Chake Chake aliyekuja kufunga mzigo wa Iddi, kijana wa Mwanakwerekwe aliyefuata vipuri vya pikipiki, familia ya Tabata inayokwenda harusini Ng'ambo, na mgeni aliyeshuka jana na treni kutoka Dodoma, ambaye hajawahi kukanyaga chombo cha baharini na anaona aibu kuuliza.

Huyo wa mwisho ndiye anayelengwa zaidi hapa, ingawa wazoefu nao wana mambo waliyoyaacha njiani.

Umbali wenyewe hautishi. Kutoka Soko Kuu la Kariakoo hadi geti la boti, Barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, hakufiki kilomita 3. Kutoka hapo hadi bandari ya Malindi, Unguja, ni maili za baharini kama 40, yaani karibu kilomita 75, na boti za kasi huzimaliza kwa saa mbili hivi. Daladala ya Mbagala siku ya mvua kubwa inaweza kula muda huo huo kabla haijafika mjini. Kwa hiyo wengi huichukulia safari hii kama ya daladala: mtu anaamka, anafika, analipa, anapanda. Hapo ndipo panapoanzia matatizo. Kariakoo humzoesha mtu mambo mawili, kupatana bei na kukimbizana na muda, na bandarini yote mawili humgharimu.

Tiketi ndiyo mtihani wa kwanza. Boti zinazojulikana zaidi katika njia hii ni zile za Azam Marine, zenye jina la Kilimanjaro na namba yake ubavuni, na za Zan Fast Ferries. Kila kampuni ina madirisha yake ya kuuzia tiketi pale pale bandarini, na mtu anaweza pia kukata tiketi kwa mtandao na kulipa kwa simu. Nauli iliyobandikwa dirishani ndiyo nauli. Haipandi kwa sababu mteja amevaa vizuri wala haishuki kwa sababu ameomba. Tofauti iliyopo ni ya daraja la kiti na ya uraia. Mtanzania hulipa kwa shilingi, mgeni hulipa kwa kiwango cha dola, na kwa miaka mingi mgeni alikuwa akitozwa dola 35 kwa daraja la kawaida wakati Mtanzania akilipa kiasi kisichofika nusu yake.

Nje ya geti husimama watu wanaoitwa vishoka. Wana adabu, wana haraka, na wengine huvaa hata vitambulisho shingoni. "Shikamoo mama. Ndani zimeisha, ya saa tatu na nusu imejaa. Nipe kitambulisho nikuwahishie, elfu tano tu ya juu." Mama mwenye mtoto mgongoni na mabegi mawili chini huiona kauli hiyo kama msaada kutoka mbinguni. Anachopewa baada ya robo saa huenda kikawa tiketi ya kweli iliyopandishwa bei, au tiketi yenye jina la mtu mwingine, au ya tarehe iliyokwisha pita. Mara nyingi ndani zilikuwa bado zipo. Jibu linalofaa ni la heshima na fupi: "Marahaba mwanangu, ngoja nikaulize mwenyewe." Kisha anakwenda dirishani kwa miguu yake, na kitambulisho chake hakitoki mkononi mwake.

Lililo bora kuliko hilo ni kuimaliza kazi hiyo siku moja kabla. Aliyelala gesti ya Kariakoo anaweza kwenda jioni, akapanda basi la mwendokasi la Kivukoni katika kituo cha Fire, akashuka Posta ya Zamani, akakata tiketi yake na kurudi kula chipsi na mishikaki bila wasiwasi. Safari hiyo fupi humwonyesha pia geti lilipo, foleni inapoanzia na muda anaohitaji kufika. Asubuhi yake hatakuwa akitafuta njia gizani.

Kwenye siku za msongamano, kukata mapema si hiari tena. Siku mbili tatu kabla ya Iddi zote mbili, wiki ya Krismasi na mwaka mpya, sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari, tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari, na siku shule zinapofunga: boti hujaa, na kishoka naye anakuwa na soko. Mwenye harusi ya Ijumaa asiende kutafuta tiketi Ijumaa asubuhi.

Halafu kuna suala la saa, ambalo limewaacha watu wengi ufukoni. Ratiba na tiketi huandikwa kwa saa za kizungu. Boti ya kwanza, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiondoka saa moja asubuhi kila upande, huandikwa 07:00, na hiyo haimchanganyi mtu. Shida iko kwenye 12:30. Wapo wanaoisoma kama saa kumi na mbili na nusu, wakafika alfajiri na kukaa saa sita juu ya mabegi; na wapo wanaoisoma kama ya jioni, wakafika boti ikiwa imeshatia nanga Malindi. Ni saa sita na nusu mchana. Anayempigia ndugu yake simu kumwambia "tiketi yako ni ya 09:30" amtajie pia kwa Kiswahili kilichonyooka, saa tatu na nusu asubuhi, na amtake airudie.

Geti hufungwa kabla ya boti kuondoka. Kufika saa moja kabla kunatosha kwa mwenye begi la mkononi; mwenye mzigo wa biashara ajipe zaidi. Kutoka Kariakoo alfajiri hakuna foleni, lakini kuanzia saa mbili asubuhi barabara za Msimbazi, Uhuru na Lumumba hubanwa na mikokoteni, magari ya mizigo na wanunuzi. Gari lililotoka Mtaa wa Kongo saa mbili na nusu likiwa na abiria wa boti ya saa tatu na nusu linacheza kamari na nauli ya watu.

Kitambulisho kinaangaliwa, na sababu yake inahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana abiria wengi hukiona kama usumbufu wa askari wa getini.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 645. Ilizama katika mkondo wa Nungwi. Tume ya uchunguzi ilieleza baadaye kwamba ilikuwa na watu zaidi ya 2,400, na kwamba waliokufa au kupotea walifikia 1,573. Miili mingi haikupatikana kabisa. Siku za mwanzo hakuna aliyeweza kusema ni watu wangapi walikuwa ndani, kwa sababu wengi walipanda bila majina yao kuandikwa popote. Familia za Pemba zilikwenda kwenye viwanja vya kutambulia miili zikiwa na picha mkononi, bila karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba mtoto wao alikuwa safarini. Wapo pia walioiona meli ile ilivyojaa kabla haijang'oa nanga, wakakataa kupanda. Nauli yao ilipotea. Wao wakabaki.

Miezi 10 baadaye, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ikiwa na watu wapatao 290. Chombo hicho kiliundwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha watu katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, kule Seattle, Marekani, kabla ya kuuzwa na kuletwa Afrika Mashariki. Siku hiyo kulikuwa na upepo mkali. Waziri wa Zanzibar aliyekuwa na dhamana ya miundombinu, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu.

Kwa hiyo jina kwenye tiketi lina kazi. Abiria anayesafiri kwa tiketi ya jina la shemeji yake kwa sababu "zote ni sawa" anajifuta kwenye orodha ambayo waokoaji wangeitegemea. Mzazi anayempitisha mtoto mchanga mgongoni bila kumkatia tiketi, hata ile ya bei ya chini au ya bure, anafanya hivyo hivyo. Watanzania wabebe kitambulisho cha taifa, pasipoti au kitambulisho kingine kinachotambulika, na nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa kila mtoto. Asiye Mtanzania abebe pasipoti yenyewe wala asitegemee picha iliyo kwenye simu, maana Malindi kuna maofisa uhamiaji wao, na muhuri wa bara haumzuii kuulizwa tena. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar pia inawataka wageni wanaotoka nje ya nchi wawe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar; anayempokea ndugu kutoka Muscat au London amkumbushe kabla hajafika getini.

Tangu ajali hizo, mambo yamebadilika sana katika njia ya Dar na Unguja. Boti ni mpya zaidi, tiketi zina majina, na vyombo vinasimamiwa na TASAC kwa upande wa bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar. Lakini abiria ana macho yake. Akiona watu wamekaa kwenye ngazi na vijia, mizigo imeziba mlango wa dharura, au chombo kimelala upande kabla hakijaondoka, ana haki ya kushuka na kuuliza kwa sauti. Akishaketi, dakika mbili zinatosha kujua jaketi la kujiokolea liko wapi, kama la mtoto lipo, na mlango wa karibu ni upi. Wahudumu huonyesha haya mwanzoni mwa safari wakati abiria wengi wakiwa kwenye simu zao.

Sasa bahari yenyewe. Wapwani wanaijua kwa majina ya pepo zake. Kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Desemba hivi hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, na huwa na nguvu zaidi Juni, Julai na Agosti. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, wakati upepo unapogeuka na maji kutulia, na huo ndio msimu mzuri kwa mwoga wa bahari. Dar na Unguja zimekaa karibu mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo pepo hizi zina maana ya moja kwa moja kwa abiria. Wakati wa kusi, boti inayokwenda Unguja husukumwa kutoka nyuma, na inayorudi Dar huyapokea mawimbi usoni. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Anayekwenda Unguja mwezi wa Julai akajisifu kwamba bahari ni shwari, asubiri safari ya kurudi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari, na tahadhari zake hutaja namba: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mtu akisikia namba hizo redioni usiku kabla ya safari, na hana dharura, kuahirisha kwa siku moja ni uamuzi wa mtu mzima. Na wakati mwingine uamuzi hauwi wake. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, boti kati ya Dar na Unguja zilisimama. Wafanyabiashara walibaki Kariakoo na mizigo yao, wakilipia usiku wa ziada gesti. Waliokuwa na akiba ya siku moja walilalamika kidogo. Waliokuwa na ndege ya kuunganisha Zanzibar usiku ule walipoteza fedha nyingi.

Mambo haya hayako kwetu peke yake. Katika visiwa vya Ugiriki, ambako watu huvuka kutoka Paros kwenda jirani yake Naxos kwa muda usiofika saa moja kwa meli za kasi, upepo wa kiangazi uitwao meltemi ukizidi kiwango, wakuu wa bandari huzuia vyombo kutoka, hata kama gati limejaa watalii wenye tiketi. Wale nao walifundishwa na msiba: usiku wa tarehe 26 Septemba 2000 meli ya Express Samina iligonga mwamba nje ya Paros na watu wapatao 80 wakafa. Msafiri mzoefu wa huko hulala usiku mmoja mjini Athens kabla ya ndege yake. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa anayetaka kushuka kutoka Unguja na boti ya jioni kisha kuwahi treni ya Dodoma au ndege ya usiku. Siku tisa itawezekana. Siku ya kumi itamgharimu kuliko usiku mmoja wa gesti.

Mwili nao uandaliwe. Ndani ya mlango wa bandari, Kigamboni ikiwa upande mmoja na soko la samaki la Feri upande wa pili, maji ni kama ya kwenye beseni. Boti ikishatoka nje ndipo mtu anapoijua bahari. Roho huanza kuchafuka taratibu: mate yanajaa mdomoni, jasho jembamba linatoka, mazungumzo yanakatika. Wahudumu hupita na vifuko vya kutapikia, na abiria wa mara ya kwanza hukataa kwa aibu. Akipokee. Kuwa nacho mfukoni hakumpunguzii mtu heshima yoyote.

Supu ya mbuzi na chapati mbili za alfajiri pale Kariakoo ni chakula kizuri kwa mtu anayebaki Kariakoo. Kwa anayepanda boti ya saa moja, chai ya tangawizi na mkate au ndizi moja vinatosha. Tumbo tupu kabisa nalo hulegea haraka. Walio dhaifu zaidi wamwone mfamasia siku moja kabla wamweleze umri, ujauzito na dawa wanazotumia, kwa sababu vidonge vya kuzuia kichefuchefu vinavyouzwa madukani vingi huleta usingizi, na vinapaswa kumezwa kabla ya safari. Anayemeza akiwa ameshaanza kutapika amechelewa.

Mahali pa kukaa pana maana kubwa kuliko dawa. Pua ya boti hupanda na kushuka. Nyuma, chini na katikati ndiko kunakotikisika kidogo. Daraja la juu lenye viti vya ngozi huwa juu, na juu ndiko mtikisiko unakosikika zaidi, jambo ambalo aliyelipa zaidi hulijua akiwa ameshachelewa. Macho yatazame nje, mbali, pale mbingu inapokutana na maji. Simu iwekwe. Hewa ya sitaha ya nyuma humsaidia mtu sana, ilimradi ashike chuma na mtoto ashikwe mkono. Ndani, viyoyozi huwa vikali kiasi kwamba watu waliotoka kwenye joto la Dar hutetemeka. Kanga au shuka nyepesi ndani ya begi la mkononi ni rafiki.

Kwa asiyeumwa na bahari, safari hii ni ya kutazamwa. Boti ya asubuhi ikielekea kaskazini, jua liko kulia. Anayetaka kivuli akae kushoto, ambako pia ataona Ikulu na ufukwe wa Barabara ya Ocean vikibaki nyuma. Anayetaka kuiona Unguja ikijitokeza avumilie jua la kulia. Upande huo ndiko kutakakoonekana Chumbe na mnara wake, kisha Mji Mkongwe wote ukijipanga kando ya maji: Forodhani, Ngome Kongwe, na mahali pa Beit el Ajaib, jumba ambalo sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi mwaka 2020.

Mizigo ina sheria zake, na hapa watu wa Kariakoo wahitaji kusikiliza. Kila kampuni ina kiwango cha uzito kinachokwenda na tiketi, na kinachozidi hulipiwa. Kila furushi liandikwe kwa maka peni, pande mbili: jina la mwenyewe, namba ya simu, na bandari linakoshukia. "Bi Asha, Pemba" haitoshi. Bi Asha ni wengi na Pemba ina bandari zaidi ya moja. Vitu vya thamani, dawa, stakabadhi na fedha vikae kwenye begi la mkononi. Wachukuzi wa bandarini wapatane bei na mwenye mzigo kabla ya kunyanyua, idadi ya mafurushi ihesabiwe mbele yake, na atembee nyuma yao, asiwatangulie. Hapa ndipo mahali pekee pa safari hii ambapo ujuzi wa Kariakoo wa kupatana unasaidia kweli.

Risiti zitunzwe. Mzigo unaovuka kati ya bara na Zanzibar hukaguliwa na watu wa forodha, na wenye bidhaa mpya kutoka Unguja kuja Dar, hasa televisheni, majokofu na vyombo vya umeme, hutozwa tofauti ya kodi. Suala hilo limelalamikiwa kwa miaka kama moja ya kero za Muungano. Mfanyabiashara mwenye risiti ya EFD yenye jina lake hujieleza kwa dakika chache; asiye nayo hubishana mpaka jioni. Na mifuko ya plastiki iachwe nyumbani: Zanzibar iliipiga marufuku tangu mwaka 2006, bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Vikapu vya ukili na mifuko ya kitambaa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Pemba inataka mpango wake. Meli kubwa zinazobeba abiria, magari na mizigo, kama Azam Sealink, huunganisha Dar, Unguja na Pemba, lakini si kila siku, na baadhi ya safari ni za usiku. Ratiba iulizwe wiki ile ile, kwa kampuni yenyewe. Ya mwezi uliopita haitegemewi. Mkondo wa Pemba ni wenye kina kirefu mno na bahari yake ni nzito kuliko ile ya kati ya Dar na Unguja, hivyo yaliyosemwa juu ya upepo yazidishwe. Meli nyingi hufika Mkoani, kusini mwa kisiwa, na kutoka hapo hadi Chake Chake ni kama kilomita 30 za barabara. Anayekwenda Wete ana mwendo kama huo tena kuelekea kaskazini. Mwenye mzigo mkubwa auagize utangulie, kisha yeye afuate na boti. Kuukalia usiku kucha sitahani hakuufikishi mapema.

Mafia ni habari nyingine kabisa. Njia iliyozoeleka haianzii mjini: msafiri huondoka Kariakoo hadi Mbagala Rangi Tatu, akachukua gari la Nyamisati, wilaya ya Kibiti, na huko ndiko anakopanda chombo cha kwenda Kilindoni. TEMESA ina kivuko chake katika njia hiyo, MV Kilindoni. Zamani wengi walitegemea mashua zilizojazwa watu, magunia na mbuzi kwa pamoja. Msafiri apige simu Nyamisati kabla ya kuondoka Dar, kwa sababu maji kupwa na kujaa na hali ya hewa huamua mengi pale, na Nyamisati kwenyewe malazi ni machache.

Bado wapo wanaoshawishiwa na nauli ndogo ya majahazi na mashua zinazotoka kwenye bandari bubu, kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo. Jahazi ni chombo cha heshima, na manahodha wake wana elimu ya bahari inayostahili kuandikiwa vitabu. Lakini anayepanda usiku kwenye bandari bubu hana tiketi, hana jina popote, hana jaketi, na likitokea la kutokea hakuna atakayejua pa kuanzia kutafuta. Tofauti ya nauli haizidi bei ya doti moja ya khanga nzuri pale Mtaa wa Kongo.

Kurudi Dar kuna haraka yake. Boti ya mwisho kutoka Malindi kwa kawaida huondoka alasiri, kama saa kumi, na anayetaka kuiwahi asianze ununuzi wa Darajani saa nane. Soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, liko umbali wa kutembea kutoka bandarini, na karafuu, halua na vikoi vya huko huwashika watu kuliko walivyopanga. Mwezi wa Ramadhani msafiri akumbuke pia kwamba maduka mengi ya chakula Unguja hufungwa mchana, na kula hadharani ni kukosa adabu. Maji na tende ziwe begini kwa ajili ya kufuturu, maana katika boti ya jioni magharibi humkuta mtu karibu na Dar, au akiwa bado kwenye foleni ya kutokea.

Akishatoka getini Barabara ya Sokoine, giza likiingia, asikubali gari la kwanza linalomwita. Avuke upande wa kanisani, akae mahali penye taa, apange bei kwa utulivu au aagize usafiri kwa simu. Mwenye begi moja tu apande mwendokasi pale Posta ya Zamani hadi Fire, kisha atembee mpaka Msimbazi pamoja na watu wengine. Jumapili maduka mengi ya jumla ya Kariakoo huwa yamefungwa, kwa hiyo aliyerudi kununua mzigo apange kufika Jumatatu.